Mtoto Anayechora Ukutani

Je, mtoto wako amewahi kukuharibia ukuta uliotoka kupigwa chokaa? Kama hajawahi, basi mshukuru Mungu, au pengine umhurumie mtoto huyo, maana huenda anaogopa.

Nilipokuwa Malangali, hapa Sumbawanga, nilikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ule upepo wa Ufipa unaoshuka kutoka milima ya Mbizi ukipiga mabati, na mama akanikaribisha uji wa ulezi karibu na jiko. Sebuleni palikuwa na picha moja tu, iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani na kubandikwa kwa gundi ya unga: Bwana Yesu amepiga magoti bustanini Gethsemane, mikono ameikunja juu ya jiwe, na mwanga unamwangukia kutoka juu. Bila shaka unaijua. Iko katika nyumba nyingi, ya Mkatoliki, ya Mmoravian na ya Mlutheri.

Chini ya picha ile, kimo cha mtoto wa darasa la tano, palikuwa na michoro ya makaa. Ng'ombe wawili na plau. Mwanamke amejitwika ndoo. Baiskeli yenye magunia matatu, na mpanda baiskeli ameinama hasa, kama wanavyoinama kweli watu wa kupandisha mlima na mzigo.

"Huyu binti ananitia aibu," mama akasema. "Jana nimemchapa. Daftari la hesabu amelijaza picha nyuma na mbele. Sasa niambie dada, itamsaidia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa uji. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na kwa kuwa najua wako akina mama wengine wanaojiuliza vivyo hivyo, nimeona niandike niliyoyakusanya.

ILE PICHA YA GETHSEMANE

Nianze na picha iliyokuwa ukutani. Aliyeichora ni Mjerumani, Heinrich Hofmann, aliyezaliwa mjini Darmstadt mwaka 1824 na kufariki Dresden mwaka 1911. Alikuwa profesa katika chuo cha sanaa cha Dresden. Baba yake alikuwa mwanasheria. Na mama yake? Mama yake alikuwa akifundisha kuchora kabla ya kuolewa. Baada ya kuolewa alizaa watoto, akawafundisha wale. Picha ya mama huyo siijui, lakini picha ya mwanawe imefika Malangali.

Wachoraji wa namna ya Hofmann walisomea kazi yao miaka mingi. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na vyuo vya sanaa vyenye taratibu kali kama za seminari. Kijana alianza kwa kunakili michoro ya wakubwa. Akifaulu, alipewa sanamu za plasta azichore, mkono, mguu, kichwa, mpaka kivuli kikae mahali pake. Ndipo aliporuhusiwa kumchora mtu aliye hai. Rangi za mafuta zilikuja baadaye. Mwisho alipeleka kazi yake kwenye maonyesho makubwa, ambako wazee wa sanaa waliamua nani atundikwe na nani arudi na picha yake nyumbani. Aliyepata nishani alipata wateja. Asiyepata alifundisha watoto wa matajiri au alilala njaa.

Wanawake walikuwa wapi? Nje ya mlango. Chuo kikuu cha sanaa cha Ufaransa, kule Paris, kiliwafungulia wanawake mwaka 1897 tu. Sababu waliyoitoa ni kwamba haifai mwanamke kuketi darasani akimchora mtu aliyevua nguo. Cha ajabu, yule aliyevua nguo mara nyingi alikuwa mwanamke, na hilo halikumsumbua mtu.

Nitawapa kisa kimoja cha huko, maana kina mambo tunayoyajua sana sisi wake za watu. Alikuwako dada mmoja Mmarekani, Elizabeth Gardner, aliyezaliwa mwaka 1837. Alifika Paris mwaka 1864 akitafuta kujifunza uchoraji, na ili aingie katika darasa la wanaume alivaa mavazi ya kiume, kwa kibali cha polisi. Katika mtaa wake aliishi mchoraji mashuhuri kuliko wote wa wakati ule, William Bouguereau. Bwana huyu alikuwa amepigwa vibaya na misiba. Katika watoto wake watano alizika wanne katika maisha yake. Mwaka 1875 alifariki mwanawe Georges, naye akachora picha ya Mariamu amempakata Yesu aliyekufa. Mwaka 1877 akafariki mkewe Nelly, na baada yake mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo alichora picha nyingine, mama aliyelala juu ya magoti ya Bikira Mariamu, na mtoto wake mfu sakafuni. Mtu aliyewahi kufiwa na mtoto akiitazama picha hiyo hahitaji kuelezwa.

Mwaka 1879 Bouguereau na Elizabeth walichumbiana. Mama mkwe akakataa. Bibi kizee yule hakutaka mwanawe aoe tena, na mwanawe, pamoja na ukubwa wake wote na nishani zake zote, hakuweza kumpinga mama yake. Wakangoja. Elizabeth aliendelea kuchora, na mwaka 1887 akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata nishani katika maonyesho makubwa ya Paris. Mama mkwe alifariki mwaka 1896, akiwa na zaidi ya miaka 90. Mwaka huohuo wakafunga ndoa, bwana harusi ana miaka 70 na bibi harusi 58! Na je, unajua alichofanya Elizabeth baada ya kuolewa? Aliweka brashi chini, akamtunza mume. Alirudi kuchora mume alipofariki mwaka 1905. Kuna watakaosema alifanya vema, na kuna watakaosema alipoteza. Mimi naona alikuwa amechoka kungoja.

VERANDA YA MAMA TROWELL

Sasa tuje kwetu. Jijini London kuna chuo cha sanaa kiitwacho Slade, kilichofunguliwa mwaka 1871. Chenyewe kiliwapokea wanawake tangu mwanzo, wakae na kufundishwa kama wanaume. Hilo lilikuwa jambo geni, nasi wa Afrika Mashariki tumelivuna.

Miongoni mwa wasichana waliosoma Slade alikuwa Margaret Sifton, aliyezaliwa mwaka 1904. Aliolewa na daktari, Hugh Trowell, na mwaka 1929 wakaja Kenya. Mke wa daktari ugenini hutegemewa kufanya nini? Kupokea wageni na kulea watoto. Yeye hayo aliyafanya, lakini pia alikaa na wanawake wa Ukambani akijifunza jinsi wanavyosuka na kufinyanga. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na mwaka 1937 akaanza darasa la kuchora katika veranda ya nyumba yake. Hakuwa na jengo wala mshahara wa kazi ile. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, penye kanisa kuu, na mwaka 1939 zikapelekwa London. Kutoka veranda ile kilizaliwa chuo cha sanaa cha Makerere, ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake.

Mama Trowell aliyajua yote niliyoyataja, sanamu za plasta, vivuli, mizani ya mwili. Lakini hakutaka kuanza hivyo na wanafunzi wake. Aliwaambia hadithi, pengine ya Biblia, pengine ya kijijini, halafu akawataka wafumbe macho waione kwanza moyoni, ndipo wachore. Wako waliomlaumu kwamba aliwanyima Waafrika elimu kamili ambayo yeye mwenyewe aliipata. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Alipoondoka mwaka 1958, mwalimu aliyemfuata, Cecil Todd, alileta masomo ya historia ya sanaa ya Ulaya na mafunzo ya kuchora kwa taratibu za vyuo vya kule. Mpaka leo wasomi wanabishana nani kati yao alikuwa sahihi.

MTOTO WA MACHAME NA BINTI WA HOIMA

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana wa Kichaga, Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere miaka ya 1944 hadi 1947, akabaki hapo kuwa mwalimu. Mwaka 1952 alipelekwa Slade, chuo kilekile cha mwalimu wake, akakaa mpaka 1955.

Fikiri, kijana wa migombani ameingizwa katika chuo cha sanaa katikati ya London, miongoni mwa watu wanaojua kuchora mkono mpaka mshipa uonekane. Wengi wangerudi wamegeuka. Ntiro alirudi anachora vilevile Kilimanjaro yake. Watu wake ni wadogo, wamejaa picha nzima, kila mmoja ana kazi: huyu anavuna kahawa, huyu anakata kuni, wale wanajenga nyumba. Aliye mbali hakufanywa mdogo sana kuliko aliye karibu. Mtu mwenye elimu ya Ulaya anaweza kusema hajui kupima umbali. Alikuwa anajua, amesoma. Alichagua.

Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. (Wasomaji wetu wanaochukia pombe wanisamehe, picha sikuichora mimi. Na watu wa Ufipa wajue kwamba mbege ya Wachaga haikamiliki bila ulezi.) Mwaka 1960 picha ile ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa mpya la New York, na iko huko hata leo.

Lakini makala haya ni ya akina mama, kwa hiyo nataka nikae kidogo na mkewe.

Sarah Nyendwoha alizaliwa Hoima, Bunyoro, mwaka 1926. Alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo kabisa kuingia Makerere, mwaka 1945, chuo ambacho kaulimbiu yake mpaka wakati huo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Iliwabidi waibadilishe. Sarah alipenda hesabu. Inaelezwa kwamba mwalimu wa somo hilo alikataa kumfundisha mwanamke, basi akachukua masomo mengine, likiwemo historia. Mwaka 1951 alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akapata shahada yake, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Miaka hiyohiyo Ntiro alikuwa London na brashi zake.

Aliporudi Uganda akawa mwalimu wa shule ya wasichana ya Gayaza. Huko akagundua kwamba mwanamke analipwa pungufu ya mwanamume mwenye elimu ileile na kazi ileile. Hakugoma. Alifanya jambo lililowatia wakubwa haya kuliko mgomo: alikataa mshahara, akasema ni afadhali afundishe bure kuliko kupokea malipo yanayomwambia kuwa yeye ni nusu ya mtu. Akaendelea kuingia darasani. Mwishowe mshahara ukasawazishwa, na waliofaidi ni walimu wanawake wengi ambao hawakuwahi kumwona.

Waliooana mwaka 1958 ndio hawa: mchoraji kutoka Machame na mwalimu kutoka Hoima, Mchaga na Mnyoro, katika siku ambazo ndoa ya mbali hivyo ilihitaji vikao vingi vya wazee. Mwaka huohuo Sarah aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Mwaka 1961 Tanganyika ilipojitawala, Ntiro aliteuliwa kuwa balozi wetu London, kazi aliyoifanya mpaka 1964, na Sarah akawa mke wa balozi. Walijaliwa watoto wawili wa kiume.

Baada ya ubalozi Ntiro alishughulikia utamaduni serikalini, tena akafundisha walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Sarah aliishi mpaka Oktoba 2018, akiwa amevuka miaka 90. Wakati wa utawala wa Amin alilazimika kuikimbia Uganda na kwenda Kenya. Baadaye alirudi, akaendelea kusemea elimu ya wasichana.

Hapa nataka nimjibu yule mama wa Malangali kwa ukweli, bila kumpamba. Ntiro hakuishi kwa kuuza picha. Picha zake zilinunuliwa New York na London, lakini ugali wa nyumbani ulitoka kwenye mshahara wa ualimu na wa serikali. Hofmann naye alikuwa profesa, na Mama Trowell alikuwa na mume daktari. Kwa hiyo mama akisema, "Mwanangu, soma hesabu pia," hakosei. Anakosea pale anaposema soma hesabu, uache lile.

UKUTA WA MURANG'A

Kuna mwingine, nimtaje kwa ufupi, kwa sababu yeye alipewa ukuta mzima na hakuna aliyemchapa. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, naye ni wa Makerere. Katika miaka ya vita vya Mau Mau, Waanglikana wa Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati ule, walijenga kanisa la kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa. Mwaka 1959 Njau alichora ndani yake picha tano kubwa za maisha ya Bwana Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulibiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni vilima vya Murang'a.

Hebu fikiri uchungu wa siku zile. Jamaa moja imezika aliyeuawa na Mau Mau; jirani yake amezika aliyeuawa na serikali. Kijana kutoka Tanganyika, asiye Mkikuyu, anapanda ngazi na ndoo ya rangi, na kuwachorea Yesu anayefanana nao wote. Sijui kama mahubiri yangeweza kufanya hivyo bila mtu kutoka nje kwa hasira.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha jumba la sanaa Nairobi, Paa ya Paa. Mkewe wa kwanza, Rebeka Njau, ni mwandishi. Mchezo wake wa kuigiza ulitoka mwaka 1963, na riwaya yake mwaka 1975. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Paa ya Paa na picha zilizokuwamo. Jumba lilianza tena. Njau alikuwa na neno lake alilolirudia kwa vijana, kwamba wasiige, maana kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Neno hilo linaweza kumchoma mtu aliyebandika kalenda. Mimi sitakwambia ubandue picha ya Hofmann. Watu wameomba mbele yake usiku wa homa za watoto, na Mungu amewasikia. Ila nadhani si vibaya mtoto akijua kwamba picha ile ilichorwa na mtu, mtu aliyewahi kuwa mtoto, mwenye mama.

NILIPORUDI

Kabla ya kuondoka Sumbawanga nilipita tena Malangali na penseli za rangi, boksi moja la kumi na mbili, na daftari lisilo na mistari. Mama alikuwa akipepeta maharage uani. Nikamweleza habari za Sarah na mshahara wake; hiyo ilimpendeza kuliko habari za wachoraji. Alicheka sana kusikia habari za mama mkwe wa Paris. "Miaka kumi na saba!" akasema. "Mimi ningemwacha na mama yake."

Nikamwuliza kama katika ukoo wao kulikuwa na mtu wa kazi za mikono. Akafikiri. Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa mfinyanzi, alijulikana kwa vyungu vyenye alama shingoni ambazo hakuna mwingine aliyeziweka. Wafipa ni watu waliokuwa wakijenga matanuru marefu ya udongo kwa kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu. Mikono ya namna hiyo haipotei kwa kizazi kimoja. Nilimsomea pia habari za Besaleli, katika Kutoka sura ya 31, ambaye Mungu alimjaza Roho, si kwa kuhubiri, bali kwa kuchonga na kufua dhahabu. Alikuwa ameisoma sura hiyo mara nyingi. "Nilikuwa nairuka," akasema, "naona ni vipimo tu."

Nikamwambia pia kwamba iko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, ambako kuchora hufundishwa, na kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina masomo ya sanaa. Akauliza swali la mzazi: "Wanaingia na maksi gani?" Nikamwambia huko kote wanataka cheti cha sekondari kwanza. "Basi hesabu haiepukiki," akasema, na akamtazama binti kwa jicho ambalo kila mtoto analijua.

Binti hakusema kitu. Alikuwa amezipanga zile penseli sakafuni, nyeupe mwanzoni na nyeusi mwisho, bado hajathubutu kuchonga hata moja.

Ndipo mama akatoa hukumu yake. "Haya. Ukuta wa jikoni ni wako, upande wa mlangoni, usinipakie karibu na moto. Wa sebuleni uuache. Na hesabu nitakagua kila Ijumaa."

Binti akaitikia, "Ndiyo mama." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini, akaniuliza kama sina kifutio.